SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: HESABU YA CHEMBE ZA KINGA NA MAKOSA YA KUISOMA



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kujadili leja, stakabadhi za mizani na daftari la ghala. Leo tutajadili hesabu ya namna nyingine. Haimo katika vitabu vya chama, lakini mara nyingi imeingia katika vikao vyake. Ni hesabu ya chembe za kinga katika damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la CD4. Mimi si daktari. Ni mkaguzi wa vyama vya ushirika, na nimeomba nafasi ya somo hili kwa sababu niliwahi kuisoma hesabu hiyo vibaya, na mwanachama mmoja akaumia kwa kosa langu.

Mwaka 2003, nikiwa mkaguzi kijana katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilitumwa kwenye chama cha msingi kimoja cha mkoa wetu wa Kagera. Kamati ilikuwa ikigawa miche ya mibuni kwa mkopo. Mwanachama mmoja, mkulima hodari ambaye maganda yake hayakupata kukataliwa mizanini, aliomba miche 200. Alipoulizwa juu ya afya yake, maana maneno yalikwisha kuenea kijijini, alitoa mfukoni karatasi ya hospitali akaiweka mezani. Ilikuwa imeandikwa: CD4, 240. Mjumbe mmoja alikuwa amesikia kwamba chembe hizo hupungua kama 80 kila mwaka. Tukagawa 240 kwa 80, tukapata 3. Nao mbuni huchukua miaka ipatayo mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Nikaandika katika ripoti yangu, kwa mkono wangu mwenyewe: "Mkopo usitolewe. Muda wa mavuno umezidi muda wa mwanachama."

Hakuna aliyepinga. Katika kugawa hatukukosea hata tarakimu moja. Tulikosea kuelewa kile tulichokuwa tukikigawa. Somo hili lataka kueleza makosa hayo moja baada ya jingine, ili chama kingine kisiyarudie.

1. NI KITU GANI KINACHOHESABIWA

Damu ya mtu ina chembe nyekundu, zinazochukua hewa safi mwilini, na chembe nyeupe, zinazopigana na maradhi. Miongoni mwa chembe nyeupe liko kundi lenye alama juu ya ganda lake iitwayo CD4. Kazi kubwa ya kundi hili ni kutambua adui na kuziamsha chembe nyingine zipigane naye. Lafanana na katibu wa chama. Katibu habebi magunia, lakini asipokuwapo hakuna ajuaye gunia lipi liende wapi, na wachukuzi wenye nguvu hubaki wamesimama.

Virusi vya UKIMWI huishika alama hiyo ya CD4, huitumia kama mlango wa kuingilia, kisha huigeuza chembe kuwa karakana ya kutengenezea virusi vipya. Chembe hufa. Mwili hutengeneza nyingine, nazo hushambuliwa vivyo hivyo.

Tangu mwanzo upungufu huu ulionekana. Mwaka 1981 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walipowachunguza wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa ambao haukuwa na jina bado, waliona kwamba chembe za kundi hili zilikuwa zimepungua mno. Mwaka 1983 wanasayansi wa Ufaransa, miongoni mwao Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walikitambua kirusi chenyewe. Mwaka huo huo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa hapa kwetu Kagera. Kwa hiyo habari hii haikutujia kama habari ya mbali.

Chembe huhesabiwa katika milimita moja ya ujazo ya damu. Mtu mzima asiye na virusi kwa kawaida huwa na chembe 500 hadi 1,500 katika ujazo huo. Watoto wadogo huwa na nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo hesabu ya mtu mzima haifai kutumiwa kumpima mtoto wa chini ya miaka mitano.

2. MWENDO WA UGONJWA USIPOTIBIWA

Katika majuma ya kwanza baada ya kuambukizwa, virusi huongezeka kwa kasi na chembe za CD4 hushuka ghafla. Wengine hupata homa wakadhani ni malaria. Kisha mwili hujitutumua, chembe hupanda tena kiasi, na miaka ya ukimya hufuata. Mtu hulima, huvuna, huoa au huolewa, wala hajui lolote. Lakini ndani ya ukimya huo chembe hupungua, kwa wastani kati ya 50 na 100 kila mwaka.

Kwa kadiri chembe zinavyopungua, ndivyo maradhi yanavyopata njia. Kifua kikuu hakingoji. Chaweza kumpata mtu katika hesabu yoyote, ingawa hatari yake huongezeka hesabu inaposhuka. Chini ya 200 huja nimonia ya aina isiyowapata watu wenye kinga kamili. Chini ya 100 hatari ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu huwa kubwa. Chini ya 50 huja hata virusi vinavyopofusha macho. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 1993 Marekani iliamua kwamba mtu mwenye virusi akishuka chini ya chembe 200 ahesabiwe kuwa na UKIMWI, hata kama bado anatembea na kufanya kazi.

Je, safari hiyo huchukua muda gani? Jibu mojawapo limetoka kwa jirani zetu. Katika vijiji vya Masaka, Uganda, si mbali na mpaka wetu, watafiti waliwafuata wanakijiji tangu mwaka 1990, kabla ya dawa kufika. Mwaka 2002 walitangaza matokeo: nusu ya walioambukizwa walifikia hali ya UKIMWI kabla ya kutimiza miaka 9.4, na nusu walifariki kabla ya kutimiza miaka 9.8. Matokeo hayo yaliondoa dhana iliyokuwapo kwamba Mwafrika wa kijijini huangushwa na virusi hivi upesi kuliko mtu wa nchi tajiri. Lakini angalieni pia upande wa pili wa hesabu hiyo: ikiwa nusu walifariki kabla ya miaka 9.8, basi nusu nyingine walikuwa hai baada ya muda huo, bila dawa.

3. KOSA LA KWANZA: KUISOMA SIKU MOJA KAMA MWAKA MZIMA

Kila katibu anajua kwamba mizania huonyesha hali ya chama katika siku moja tu. Chama kinachoonekana maskini tarehe 30 Juni chaweza kuwa kinangoja malipo ya kahawa yatakayoingia juma lifuatalo. Mkaguzi hasemi chama kinafilisika mpaka aweke mizania mbili au tatu pamoja.

Hesabu ya CD4 ni hivyo hivyo, tena hutikisika zaidi. Hupanda na kushuka katika siku moja. Kwa kawaida asubuhi huwa chini na jioni huwa juu. Homa ya siku hiyo huishusha. Mimba huishusha. Dawa nyingine huishusha. Mashine nazo hutofautiana. Wataalamu husema kwamba vipimo viwili vya mtu yule yule vyaweza kuachana kwa kadiri ya asilimia 30 bila hali yake kubadilika kwa kweli. Basi ile 240 ya mwanachama wetu ingeweza kusomeka karibu 170 siku nyingine, au karibu 310. Tungegawa kwa 80 siku hizo, tungempa miaka miwili au minne. Sisi tulikuwa na kipimo kimoja tu, wala hatukuuliza kama siku ile alikuwa na homa.

4. KOSA LA PILI: KUSOMA BAKI BILA KUSOMA MATUMIZI

Vyama viwili vina shilingi milioni moja kila kimoja katika benki. Cha kwanza hutumia elfu kumi kwa mwezi, cha pili hutumia laki mbili. Ukitazama baki peke yake utasema viko sawa.

CD4 ni baki. Matumizi yameandikwa katika kitabu kingine, nacho ni kipimo cha wingi wa virusi katika damu. Mwaka 1997 John Mellors na wenzake walitangaza matokeo yaliyothibitisha jambo hili. Walitumia damu iliyokuwa imehifadhiwa ya wanaume 1,604 wa Marekani, waliofuatiliwa katika utafiti ulioanza mwaka 1984 katika miji ya Baltimore, Chicago, Los Angeles na Pittsburgh. Miongoni mwa wale waliokuwa na virusi visivyozidi nakala 500 katika mililita moja, watu wapatao 5 kati ya 100 walifikia UKIMWI ndani ya miaka sita. Miongoni mwa wale waliozidi nakala 30,000, waliofikia UKIMWI katika muda huo huo walikuwa 80 kati ya 100. Wingi wa virusi ulitabiri mwendo kuliko CD4, na vipimo vyote viwili pamoja vilitabiri vizuri kuliko kimoja peke yake.

Sisi mwaka 2003 tulikuwa na kitabu kimoja tu. Mkaguzi anayefunga hesabu kwa kitabu kimoja, wakati anajua kuna viwili, hastahili kalamu aliyopewa.

5. KOSA LA TATU: KUUGEUZA WASTANI KUWA HUKUMU

Tazameni tena takwimu hizo. Katika kundi lenye hatari kubwa, watu 20 kati ya 100 hawakuwa wamefikia UKIMWI baada ya miaka sita. Katika kundi lenye hatari ndogo, watu 5 walifikia. Hakuna daktari ambaye angeweza kuwapanga mstari siku ya kwanza na kusema, "Wewe ni miongoni mwa wale 20, na wewe ni miongoni mwa wale 5." Umri hubadili mwendo, kwa kuwa wenye umri mkubwa huelekea kudhoofika upesi. Tena wako watu wachache sana, chini ya mmoja kati ya 100, ambao miili yao huvizuia virusi kwa miaka mingi bila dawa.

Wastani ni chombo cha kupangia mambo ya wengi. Wizara yaweza kuutumia kukadiria dawa za mkoa mzima, kama Chama Kikuu kinavyotumia wastani kukadiria magunia ya msimu. Lakini hakuna karani anayemlipa mkulima kwa wastani wa kijiji. Kila mmoja hupimiwa kahawa yake.

6. KOSA LA NNE: KUSAHAU KWAMBA DAWA HUBADILI HESABU YOTE

Hili ndilo kosa lililoumiza zaidi. Ile 80 tuliyogawia ilikuwa kasi ya mtu asiyetumia dawa. Dawa ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na kuanzia mwaka 1996 ilijulikana kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huvifunga virusi visizaliane. Sisi tuliketi mwaka 2003. Mwaka mmoja tu baadaye, 2004, mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo ulianza nchini.

Virusi vikifungwa, hesabu hugeuka. Kwa kawaida chembe huongezeka kati ya 50 na 150 katika mwaka wa kwanza wa dawa, kisha huendelea kupanda polepole. Kutoka kutoa tunahamia kujumlisha.

Kwa miaka mingi CD4 ndiyo iliyokuwa lango la kupatia dawa. Shirika la Afya Duniani kwanza liliweka lango katika chembe 200, mwaka 2010 likalipandisha hadi 350, na mwaka 2013 hadi 500. Mwaka 2015 utafiti mkubwa ulioitwa START, wenye watu 4,685 katika nchi 35, wote wakiwa na chembe zaidi ya 500, ulionyesha kwamba walioanza dawa mara moja walipunguziwa hatari ya maradhi makubwa au kifo kwa zaidi ya nusu, wakilinganishwa na waliosubiri. Mwaka huo huo lango likaondolewa: kila mwenye virusi aanze dawa, hesabu yake iwe yoyote. Tanzania ilianza kufuata utaratibu huo mwaka 2016.

Liko na kosa la upande wa pili, nalo bado nalisikia vijijini. Mwanachama hupima, huona 620, husema amepona, huacha dawa. Jambo hili nalo limepimwa. Katika utafiti ulioitwa SMART, uliotangazwa mwaka 2006 na uliohusu watu 5,472, kundi moja liliacha dawa kila chembe zilipozidi 350, likarudia ziliposhuka chini ya 250. Kundi jingine halikuacha. Hatari ya maradhi nyemelezi au kifo kwa walioacha ilikuwa zaidi ya maradufu, yaani mara 2.6. Hesabu nzuri ni matunda ya dawa. Mwenye kuacha kupalilia kwa sababu mavuno yamekuwa mazuri asishangae msimu ujao.

7. HESABU HII INA KAZI GANI LEO

Wengine watauliza: kama kila mtu hupewa dawa, CD4 ya nini? Kazi yake imebadilika, haikwisha. Sasa hutumiwa hasa kumtambua mtu aliyechelewa. Anayeanza au kurudi kliniki akiwa chini ya 200 huhesabiwa kuwa na ugonjwa uliokomaa. Huyo anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu na ile kuvu ya uti wa mgongo mara moja, na kupewa dawa za kumkinga, kama kotrimoksazoli, pamoja na zile za kuvifunga virusi. Maendeleo ya dawa zenyewe hufuatwa kwa kipimo cha wingi wa virusi. Mtu anayeendelea na dawa, ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Wala mahali pasipo na mashine pasiwe sababu ya kukata tamaa. Utafiti wa DART, uliofanywa Uganda na Zimbabwe na kutangazwa mwaka 2010, ulihusu watu zaidi ya 3,300 wanaotumia dawa. Waliopimwa maabara mara kwa mara walikuwa hai asilimia 90 baada ya miaka mitano; waliofuatiliwa kwa macho na masikio ya mganga tu walikuwa hai asilimia 87. Kipimo kilisaidia, lakini dawa na uangalizi ndivyo vilivyobeba mzigo mkubwa.

8. WAJIBU WA CHAMA

Kutokana na hayo, nashauri mambo manne.

Kwanza, kamati ya mikopo isiulize hesabu ya damu ya mwanachama, na akiitoa mwenyewe isiipokee. Mkopo upimwe kwa shamba, kwa mauzo ya misimu iliyopita na kwa wadhamini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri ya mwenye virusi na inakataza kumbagua.

Pili, katibu aliyejua hali ya mwanachama kwa njia yoyote asiiandike katika muhtasari wa kikao. Muhtasari husomwa na wengi, na daftari huishi kuliko mwandishi wake.

Tatu, siku za kupima kahawa zisigongane na siku za kliniki, panapowezekana. Mkulima asilazimishwe kuchagua kati ya stakabadhi na dawa.

Nne, mwanachama anayetaka kutoa akiba yake yote au kugawa kibanja kwa sababu ya karatasi ya hospitali, aombwe kwa upole arudi kwanza kwa mganga akaelezwe maana yake. Mali ni yake na uamuzi ni wake, lakini asiamue kwa hesabu aliyofanyiwa na wasiojua.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MASOMO

(a) Kwa nini CD4 moja haitoshi kueleza mwendo wa ugonjwa? Toeni mfano kutoka vitabu vya chama chenu.
(b) Elezeni tofauti ya CD4 na wingi wa virusi kwa kutumia mfano wa baki na matumizi.
(c) Mwanachama anasema chembe zake zimefika 700, kwa hiyo ameacha dawa. Mtamwambia nini?
(d) Pitieni masharti yenu ya mikopo. Je, limo lolote linalompima mwanachama kwa afya yake?

MWISHO

Yule mwanachama wa mwaka 2003, baada ya kunyimwa miche, aliamini hesabu yetu kuliko sisi wenyewe. Alitoa akiba yake, akamwachisha shule kijana wake mkubwa ili ajifunze mapema kukishika kibanja. Mwaka 2005 alianza dawa. Mwaka uliofuata alinunua miche kwa fedha zake, si 200 bali 60, maana ndiyo aliyoweza. Mibuni hiyo inazaa hadi leo. Msimu uliopita nilimkuta mizanini akiwa na magunia yake, nikamwomba radhi mbele ya karani. Alisema, "Bwana Mkaguzi, mimi nipo. Miaka ya shule ya mwanangu ndiyo haipo." Ameniruhusu kuandika habari hii, jina lake likibaki kwake.

Katika ukaguzi, kosa la tarakimu husahihishwa kwa wino mwekundu na kutiwa sahihi. Kosa la namna hii halisahihishwi hivyo. Ndugu zangu, kabla ya kugawa, tuulize kwanza ni kitu gani tunachokigawa.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika